Nani Alipokea Mzigo?

Kuna kesi ambazo grupu ya WhatsApp ya ploti huamua haraka kuliko koti yoyote. Mtu ameagiza raba mtandaoni, ametuma shilingi 3,500 kwa M-Pesa, na boda amezileta mchana akiwa kazini. Jioni akifika, hakuna kitu. Boda anasema aliziacha kwa geti, na picha anayo. Muuzaji anasema yeye alishatuma, hayo mengine hayamhusu. Dakika kumi hazijaisha na soja ameshatajwa. Mwisho wa mwezi, landlodi anamkata mshahara ili kelele ziishe.

Huko kukatwa mshahara ndiko kunanisumbua. Sisemi soja hawezi kuiba. Anaweza, kama ninavyoweza mimi, kama anavyoweza jirani wa ghorofa ya tatu anayepita getini mara nne kwa siku. Shida ni kwamba hatujali hata kujua kama ameiba. Inatosha kwamba alikuwa hapo. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi kwa soja tumeugeuza msemo: aliyekuwepo ndiye aliye nalo.

Hebu tusikilize maneno yenyewe. Boda anasema "nimeacha". Kuacha ni kazi ya mtu mmoja. Unaweza kuacha kitu juu ya jiwe na jiwe lisijue. Kukabidhi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anatoa, mwingine anapokea akijua anapokea nini, na anakubali kukitunza. Kitu kikikabidhiwa hivyo tunakiita amana, na amana ina uzito kwa sababu kuna mtu aliyeikubali. Bila hiyo ridhaa, kuna boksi tu limewekwa karibu na binadamu. Na ile picha ya boda? Inathibitisha kwamba boksi liliwekwa chini. Haionyeshi mkono wa mtu yeyote ukilipokea.

Najua jibu linalokuja: "Lakini si analipwa kulinda?" Ni kweli, analipwa. Analipwa na landlodi afungue geti, aulize wageni wanaenda kwa nani, akeshe sisi tukilala. Halafu juu ya kazi hiyo sisi tumeongeza zetu kidogo kidogo: mwambie mtu wa gesi apande, mpe mama fua ufunguo, nishikie huo mzigo nikirudi nitachukua. Kibandani ana kiti, redio na chupa ya chai. Hana kabati la kufungia vitu vyetu, hana daftari, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa stoo. Tumemfanya stoo ya bure, na siku kitu kikipotea tunamfanya mdhamini pia.

Hata sheria haitupi ruhusa tunayojipa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwenye mshahara kama mali iliyo mikononi mwa mwajiri imepotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Isome polepole. Raba zako hazikuwa mikononi mwa landlodi. Pengine hakujua hata kama zipo. Na hakuna aliyeonyesha makusudi yoyote. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Utasema hiyo ni ya kotini, sio ya grupu. Sawa. Lakini soja huyu hatapelekwa kotini. Grupu ndiyo koti yake, na yeye mwenyewe hata hayumo kwenye hiyo grupu ajitetee.

Tena jiji hili tunalijua. Neno "mwizi" Nairobi halisemwi hivi hivi. Likipigwa kelele barabarani linaweza kuleta mawe kabla ya kuleta polisi. Likinong'onwa kwenye ploti, linamfuata mtu hadi geti la pili anakoenda kuomba kazi. Raba utaagiza zingine mwezi ujao. Yeye sifa yake ndiyo barua yake ya kazi, na kwa kazi ya kulinda hana nyingine.

Sasa hasara abebe nani? Mimi naona tuanze na swali tofauti: nani aliamua mzigo uachwe getini? Kama ni wewe uliyemwambia boda "wachia soja", bila hata kumpigia soja simu, basi ulinunua urahisi, na hasara ni sehemu ya bei yake. Kama boda aliamua mwenyewe kwa sababu alikuwa na haraka, basi mzigo haujafika bado, na hiyo ni kati yake na muuzaji. Katika hali zote mbili, soja hayumo kwenye hesabu.

Kuna hali ngumu zaidi, na siwezi kuikwepa. Tuseme ulimuuliza, akakubali, ukampa mia ya chai. Akaweka boksi chini ya kiti, akaenda kufungulia gari geti, kurudi hakuna boksi. Hapo amana ilikuwepo. Lakini hata mwenye amana hudaiwa uangalifu, hadaiwi miujiza. Ningeuliza kama alilitunza boksi lako vile angetunza simu yake mwenyewe. Kama ndiyo, wote wawili mmeibiwa. Kama aliliacha nje wazi akaenda kupiga stori kwa duka, basi ana sehemu yake ya lawama, na mnaweza kuizungumza ana kwa ana, yeye akiwepo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa 96 halifiki bei ya kuletewa mzigo mmoja na boda. Wapangaji wakichanga, wakanunua na kabati lenye kufuli, wakakubaliana na soja atalipwa nini kwa kazi hiyo ya ziada, basi atakuwa na haki ya kusema "huu siupokei" na sisi tutakuwa na haki ya kumuuliza "ule ulioupokea uko wapi?" Kwa sasa hatuna haki ya kumuuliza hivyo. Tunamuuliza tu kwa sababu hawezi kukataa kujibu.