Lugha ya Kufundishia Ikibadilika, Mzigo ni wa Nani?

Mabadiliko ni ada ya dunia, wala shule haiwezi kujitenga nayo. Swali linalotukabili sisi walimu ni hili: gharama ya mabadiliko imwangukie nani?

Hapa Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi 2006, tumeyaona mengi, kama ilivyokuwa kote nchini. Mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalikifanya Kinyarwanda kuwa lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi. Mwaka 1991 Kifaransa kikarejea katika madarasa ya juu. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishiwa madarasa matatu ya mwanzo, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza.

Hatusemi kwamba maamuzi hayo hayakuwa na sababu. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na vijana wahitaji lugha za kuwafikisha mbali. Lakini amri hutolewa kwa siku moja, ilhali mwalimu huhitaji miaka kuimudu lugha. Katika pengo hilo ndimo mtoto anamosomea.

Mwalimu asiyeimudu lugha mpya hushawishika kujaza ubao, wanafunzi wakanakili, na maswali yakaepukwa. Darasa huwa kimya, kumbe ni kimya cha kutoelewa. Mtoto ajuaye kugawa maembe sokoni Kamembe hushindwa kugawanya namba darasani, naye huitwa mjinga. Hiyo ni dhuluma.

Basi wajibu wetu ni upi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwalimu na awe mwanafunzi tena bila kuona haya. Mtoto asipoelewa, aelezwe kwanza kwa lugha aijuayo, kisha avushwe kwenye lugha mpya. Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini wafanyabiashara wa Kamembe na Bukavu walikuwa wakielewana kwacho, ng'ambo zote mbili za mto Rusizi, muda mrefu kabla ya hapo.

Wenye mamlaka nao watupe muda, vitabu na mafunzo kabla ya kutudai matokeo. Hata vikichelewa, mtoto asilipishwe deni ambalo hakulikopa.