Je, Kubahatisha ni Dhuluma?

Msomaji, tuseme una Peugeot 504, gari la aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Asubuhi injini yake yanguruma kwa kusitasita kama mtu mwenye kwikwi, na mfukoni una fedha ya kununua kitu kimoja tu. Fundi atazama kidogo, kisha abadili plagi zote, koili na kabureta. Gari lapona, nawe waingia katika deni la miezi mitatu. Je, amekutendea haki?

Wengi watajibu kuwa ndiyo, maana gari laenda. Mimi nakataa. Fundi huyo hajui hata sasa ugonjwa ulikuwa nini. Alirusha mawe matatu gizani, na mawe yote umeyanunua wewe. Abahatishaye kwa mali yake hucheza. Abahatishaye kwa mali ya mwenzake bila kumwarifu humla kwa siri.

Tena, kujua hakukuwa ghali. Injini ya petroli yataka mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kadiri, kushindiliwa kwa mchanganyiko huo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Gari hilo lina silinda nne. Injini ikiwaka polepole, fundi mwenye subira huchomoa waya za plagi, mmoja mmoja, kwa koleo lenye mpira, kwani umeme ule hupiga vikali. Mngurumo ukizidi kuharibika, silinda hiyo ilikuwa kazini. Usipobadilika, mvivu amepatikana. Kisha huzima injini, huiacha ipoe, na kubadilishana plagi ya mvivu na ya jirani yake. Uvivu ukihama pamoja na plagi, basi plagi ndiyo yenye kosa, nayo ni kitu cha bei ndogo. Ukibaki pale pale, plagi haina hatia; waya au valvu iulizwe.

Naam, kama mgonjwa amelala kiti cha nyuma na hospitali iko mbali, badili chochote ulicho nacho. Haraka hiyo ina udhuru. Haraka ya fundi mwenye wateja kumi uani haina.

Lakini tusimwonee fundi peke yake. Wenye magari wengi hulipia vyuma vilivyofungwa, wala hawalipii saa iliyotumika kusikiliza. Aliyegundua kosa katika plagi moja aondoka na shilingi chache; aliyebadili vitu vitatu bila kujua aondoka na nyingi, na kesho mwenye gari humsifu kwa jirani.