Goti la Asubuhi na Kidumu cha Maji

Asubuhi huku Dutwa, mkoani Simiyu, mtoto wa miaka 4 akitoka ndani huenda moja kwa moja kwa bibi yake, hupiga goti na kumwamkia: mwangaluka. Hakuna aliyemkalisha kitako kumfundisha. Alimwona dada yake, na dada alimwona mama. Siku aliyosahau, bibi alinyamaza tu akimtazama hadi akakumbuka. Goti hilo linanionyesha kwamba kujenga mazoea tunajua, tena vizuri. Kwa hiyo mzazi anaponiambia kuwa mwanawe hasikii habari ya kunawa mikono, siwezi kukubaliana naye.

Tatizo linaanzia kwenye maji. Kiangazi mito yetu ya Simiyu hubaki mchanga mtupu. Watu huufukua kutafuta maji, au huyafuata lamboni na kuyaleta kwa baiskeli, madumu ya lita 20 yamefungwa kwa mpira. Maji yaliyotoka mbali hivyo hayamwagwi ovyo. Mtoto akichota kikombe kizima anawe, anagombezwa. Akila bila kunawa, hakuna anayesema kitu. Baada ya mwezi mmoja amekwisha kuelewa ni lipi linalomletea matata, na tuliomfunza ni sisi wenyewe.

Dawa yake ni kibuyu chirizi, ambacho wengi tumekiona shuleni na kukiacha hukohuko. Ni kidumu cha lita 5, kimetobolewa tundu moja kwa msumari wa moto karibu na mdomo, kikaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Kamba inatoka shingoni mwa kidumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto anakanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika, mkono haukigusi. Sabuni inatobolewa na kufungwa kamba pembeni. Ikikosekana, jivu linafaa. Maji yanayotumika ni kidogo mno, hivyo hakuna wa kumgombeza mtu. Ila nasihi kwa uzito wote: kidumu hicho kisiwe kilichowahi kubeba dawa ya pamba. Sumu ile haiishi kwa kusuuza, na chombo chake hakistahili maji ya kunawa wala ya kunywa. Nyumba inayohifadhi dawa ya pamba chini ya kitanda wanacholalia watoto ina kazi ya kufanya leo kabla ya jua kuchwa.

Lambo nalo lina somo lake. Vijana wanaochunga ng'ombe hujitosa majini saa saba mchana, jua likiwa kali, na huo ndio wakati konokono wa kichocho cha mkojo hutoa vimelea kwa wingi. Vimelea hupenya ngozi bila maumivu. Mtoto mgonjwa akikojoa humohumo, mayai huanguliwa, yanayotoka humo huingia kwa konokono wengine, na mzunguko unaanza upya. Dawa wanazogawiwa watoto shuleni hutibu, lakini hazimkingi anayerudi majini kesho yake. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu, na unaweza kuzaa saratani. Zamani wazee wengine walidhani kijana kukojoa damu ni dalili ya kukua. Mzazi wa leo hana udhuru huo. Amzoeze mwanawe kutokojoa majini, na kuogea nyumbani maji ya lambo yaliyokaa ndani ya chombo siku mbili, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu muda huo bila kupata ngozi ya kupenya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi kwa wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Ni sheria njema, lakini haiwezi kusimama mlangoni pa choo kila asubuhi. Pale anasimama mzazi, na kwa bahati mbaya huku kwetu jina hilo humwangukia mama peke yake, naye yuko shambani anapalilia huku mtoto mkubwa akimbeba mdogo. Huyo mkubwa ndiye mwalimu halisi wa nyumba. Akinawa, mdogo atanawa. Akipitiliza, wote wamepitiliza.

Na baba? Kuchimbia panda mbili, kutoboa kidumu na kufunga kamba ni kazi ya nusu saa, anaiweza kila mwanamume anayejenga zizi. Zaidi ya hapo, aonekane akinawa. Mtoto anayemwona baba akitoka chooni na kuketi moja kwa moja kwenye ugali ameshapata somo lake la siku.

Baba wa Dutwa, panda hizo zichimbie Jumamosi hii, karibu na choo. Kidumu kining'inie kwa kimo cha mtoto wako mdogo kuliko wote, na jioni uwe wa kwanza kukanyaga kile kijiti, nao wakikutazama.