Mti Tu

Kila Septemba na Oktoba Nairobi huingiwa na wazimu wa jakaranda. Picha kila mahali, zambarau juu ya zambarau. Hakuna ubaya, jakaranda ni mrembo. Ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na jina lake sote tunalijua. Sasa hebu muulize huyo huyo mpiga picha jina la mti mrefu uliosimama hapo kando. Atakujibu, "Ah, ni mti tu."

Mara nyingi huo "mti tu" ni mukinduri. Waluhya huuita musine, Wakamba muthulu. Ni mwenyeji wa hapa Afrika Mashariki. Kuutambua hakuhitaji digrii, mimi sina. Matawi yake hutanda kwa ngazi. Jani lake juu ni kijani, ukiligeuza, upande wa chini umepauka kama fedha. Shinani utaokota kokwa ngumu za kijivu. Pasua moja, kwa kawaida utakuta mbegu tatu. Usizitafune, si chakula cha binadamu. Lakini karibu theluthi ya mbegu ni mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuendesha injini ya dizeli.

Ukitaja mafuta, ghafla watu wanaamka. "Kumbe kuna pesa hapo!" Na hapo ndipo swali langu linapoanzia: kwani hatuwezi kuheshimu kitu kabla hakijatufaa?

Wapo wanaosema bila faida hakuna atakayelinda mti. Wana hoja. Mkulima halipi karo kwa kupendezwa na majani. Ila bei ni mlinzi kigeugeu. Chukua muiri, mti mwingine wa kwetu. Dunia iliujua kwa sababu gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume. Ukachunwa hovyo, hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti. Muiri haukukosa watu wa kuujua. Ulikosa watu wa kuujua bila panga mkononi.

Na msitu wa Karura, ambako mukinduri umejaa? Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti pale, kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Ardhi ile ilikuwa na bei kubwa sana. Bei hiyo hiyo ndiyo ilitaka kuumaliza msitu.

Kwangu, kujua jina ni adabu kwanza, elimu baadaye. Jirani usiyemjua jina akifukuzwa usiku, asubuhi utasema tu kwamba nyumba ile iko wazi. Ndivyo ilivyo kwa miti ya mji huu. "Mti tu" hukatwa Jumatatu, na Jumanne tunasifu barabara ilivyopanuka. Ukikatwa mukinduri, angalau kuna mtu atauliza: mbona?

Kwa hiyo ukipita chini yake wiki hii, geuza jani moja. Kokwa ziache, kuna mbegu ndani.