Hofu, Huruma na Ghadhabu katika Siasa

Twapenda kuwazungumzia ndugu zetu juu ya silaha itumiwayo sana na wanasiasa wa mrengo wa kulia. Silaha hiyo si hoja wala si fedha. Ni moyo wa msikilizaji mwenyewe.

Mfano wake uko Uingereza, na sisi wa Kenya twahusika nao. Mwaka 1967 serikali yetu ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana Wahindi wasiochukua uraia wa hapa. Wengi walikuwa na pasi za Kiingereza, wakaelekea huko kwa maelfu. Mwezi wa Machi 1968 wakawekewa kizuizi kwa sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu. Miongoni mwa waliohimiza wazuiwe ni Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton katika chama cha Wahafidhina, aliyekuwa profesa wa Kiyunani tangu umri wa miaka 25. Jahili hakuwa.

Tarehe 20 Aprili 1968 akahutubia mjini Birmingham. Hesabu alizitaja, lakini hesabu hazimlizi mtu. Lililoshika nyoyo ni barua juu ya ajuza wa Kizungu, mjane, aliyefiwa na mumewe na wanawe wawili vitani, naye sasa, kwa madai ya barua ile, amezungukwa na watu weusi mtaani mwake, madirisha yake yavunjwa, uchafu watiwa mlangoni pake. Waandishi wa magazeti walimtafuta wakati ule wasimwone. Je, hilo lilipunguza kitu? Kesho yake Heath, kiongozi wa chama, alimwondoa Powell katika baraza lake; siku mbili baada ya hapo makuli wa bandari ya London wakaacha kazi, wakaandamana hadi Bungeni kumtetea. Nao kwa desturi si watu wa chama chake!

Tazameni mpango wake. Msikilizaji kwanza hutiwa huruma, nayo ni sifa njema. Kisha huambiwa: leo ni huyu, kesho ni mamako. Hofu ikiisha kuingia, huonyeshwa mtu wa kumghadhibikia. Na ghadhabu hiyo ina utamu wake, kwani mnyonge aliyekuwa hasikilizwi hujiona sasa ni mwenye haki aliyedhulumiwa. Hatusemi ajuza hakuwa na hofu. Upweke wa mzee ni jambo zito, na aliyeufanyia mchezo ni yule aliyeupandisha jukwaani.

Surat Al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Na Surat Al-Maida yakataza chuki ya kaumu isitutoe katika uadilifu. Basi ikija hadithi namna hii juu ya watu wa bara, au Wahindi, au Waarabu, ikasimuliwa barazani baada ya Isha, ni nani kati yetu aulizaye jina la mjane na mtaa wake? Aulizaye hutazamwa kwa jicho baya, huambiwa hana uchungu na watu wake. Na maneno haya twayasikia hata ndani ya misikiti yetu, tena kwa machozi.