Fumbo na Hukumu

Je, ni halali kumwita mwanadamu joka? Swali hili lawahusu vijana wa sekondari wasomao Joka la Mdimu, riwaya ya Abdallah J. Safari iliyotoka mwaka 2007. Mara nyingi huambiwa kwamba joka ni mla rushwa. Nao huliandika jibu hilo daftarini, wakalikariri kwa ajili ya mtihani. Jibu ni sahihi, lakini fumbo halijafumbuliwa bado.

Na tutazame kitu chenyewe. Nyoka wa kijani akijilaza katika mdimu hufanana na majani. Mchumaji hunyosha mkono asimwone. Basi fumbo hili lasema mambo matatu: adui yumo katika mti utufaao, amevaa rangi ya mti huo, na kuumwa kwake ni hatari.

Sasa tumfikirie kijana wa Basotu, wilayani Hanang, aliyekulia kando ya mashamba ya ngano. Akitakiwa kutoa mfano wake mwenyewe wa adui aliyejificha, huenda akataja magugu, ambayo mengine yakiwa machanga hufanana na ngano hata mpalizi akadanganyika. Mifano hii miwili yaonekana kuwa sawa, wala si sawa. Nyoka hutoka kwingine akaingia mtini, na dawa yake ni fimbo. Gugu humea katika shamba letu, hunywa mvua yetu, nasi tumelilea kwa kuchelewa kupalilia. Asemaye joka amemshitaki mkosaji peke yake. Asemaye gugu amemwita na mwenye shamba barazani.

Kwa hiyo mfano si vazi tu la maana. Ndani yake hukumu imekwisha kukatwa, nasi twaipokea pengine bila kujua. Wairaqw wa Mbulu wana maombi yao ya kimashairi yaitwayo slufay: mzee hunena, nao waliohudhuria humwitikia. Maneno ni ya mzee, lakini kwa kuitikia huwa ya wote. Msomaji naye, akilikubali fumbo, ameitikia. Na aliyeitikia hawezi kusema kwamba neno lile halimhusu.

Je, mtunzi amekosa? La. Riwaya hutuwekea mbele matendo ya watu, dhiki ya wanyonge na tamaa ya wala rushwa, tupate kulipima jina kwa matendo. Hatari iko nje ya kitabu, pale jina litanguliapo ushahidi. Mtu akiisha kuitwa nyoka kijijini, wengine wamekwisha kutafuta fimbo, wala hakuna aliyeuliza ametenda nini.

Basi mwalimu asiishie kuuliza, “Joka ni nani?” Na aulize pia, “Mfano huu waonyesha nini, na waficha nini?” Kijana azoeaye kuuliza hivyo darasani hatakuwa mwepesi wa kuitikia kila jina atakalolisikia sokoni.