Tafakuri ya leo, Ramadhani 20: Mlima haupandwi na mmoja

Ndugu zangu wa Kashozi,

Leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Na tusifichane: safu za tarawehe zimepungua. Wiki ya kwanza tulitandika mikeka hadi barazani, jana nafasi zilikuwa tele.

Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huondoka kituo cha Kibo, mita 4,720, usiku wa manane. Baridi kali, hewa nyepesi, changarawe inarudisha mguu nyuma. Wanakwenda kwa mstari mmoja, na kiongozi hachoki kusema: pole pole. Alfajiri wanafika ukingoni mwa kreta, mtu anadhani amemaliza. Kumbe kilele cha Uhuru, mita 5,895, bado kiko mbele. Wapo wanaogeuzia hapo. Na akiugua mmoja, haachwi ashuke peke yake, kiongozi msaidizi humshika mkono.

Sisi je?

Katika Suratul Balad, Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya mlimani, al-aqaba. Ukisoma unatarajia mawe na jasho. Lakini inaelezwa kuwa ni kumkomboa mtumwa, na kulisha siku ya njaa: yatima wa jamaa yako, au maskini hohehahe. Kisha wanatajwa walioamini, wanaousiana subira na kuusiana huruma. Kuusiana, ndugu yangu, hakufanywi na mtu mmoja.

Nikiri kosa langu. Jirani yangu alikosekana msikitini siku nne, nikasema moyoni, "Huyu naye ameshachoka." Nilipopita kwake nikakuta mama yake mgonjwa, na yeye ndiye anayemgeuza kitandani usiku. Niliona haya. Nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu.

Basi zoezi la leo ni dogo. Yule aliyesimama kulia kwako usiku wa kwanza, yuko wapi? Kabla ya magharibi mpigie simu, au pita kwake na sahani ya futari. Kama anauguza, mwambie: "Leo nenda wewe ukaswali, mgonjwa nitakaa naye mimi." Huenda usiku huo ukaandikiwa kheri ambayo hukuipata safu ya mbele.

Ewe Mola wetu, tufikishe mwisho wa mwezi huu pamoja, wenye nguvu na wanyonge wetu. Waponye wagonjwa wetu, na utujaalie kuupata usiku wa Laylatul Qadr. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.